Picha Ulizopiga Ukikohoa

Mlabani, Ifakara
Jumapili, baada ya misa ya pili

Fundi Damas,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikaweka kalamu chini, nikisubiri uitikie. Kisha nikajicheka. Miaka sita sikuwahi kuingia humu studio asubuhi bila kukuamkia, na wewe hukuwahi kusema "marahaba" ukaishia hapo. Lazima uongeze, "Umeamka na nuru, Pelagia, au umeamka na mawingu?" Nimeamka na mawingu, Fundi. Ndiyo maana nakuandikia. Kuna jambo nimeliona, nami sijui nilishike wapi.

Habari za nyumbani kwanza. Mkeo Mama Tekla hajambo, ila amekonda. Misa yako ya arobaini ilijaa. Watu walikuja na treni hata kutoka Mlimba, wengine sikuwajua hata kwa sura. Siku ya pili yake aliniita uani, akaniwekea ufunguo wa studio mkononi. Akasema, "Mimi kamera siijui. Wewe ndiye uliyefundishwa. Ukiona unaweza, fungua." Nikafungua. Bado wapo wanaochungulia mlangoni na kuuliza, "Fundi katoka?" Wa kwanza nilimwambia ukweli, akaanza kulia pale pale na mtoto mgongoni. Siku hizi nawaambia wakae kwanza. Vijana wengi wanakwenda duka lile jipya karibu na stendi, linalopeleka filamu za rangi Dar kwa basi. Wanaokuja kwetu ni wa picha za vitambulisho, wazee, na watu wa vijijini wanaosema picha ya rangi inapauka.

Mmoja wa hao ndiye aliyeleta jambo lenyewe.

Alikuja mama mmoja kutoka Mbingu. Mama Fortunata, labda utamkumbuka, mrefu, ana kovu dogo kidevuni. Ulimpigia binti yake picha ya kipaimara. Fortunata alifariki mwaka jana kwa homa, siku tatu tu. Halafu masika haya maji yaliingia ndani kwao, picha ikagandamana na kioo cha fremu. Alikuwa ameifunga kwenye kanga. Alipoifungua mezani niliona gauni jeupe na viatu, lakini kuanzia shingoni kwenda juu karatasi ilikuwa imebanduka. Akasema, "Naomba nyingine, mwanangu. Sina mahali pengine uso wake ulipo."

Nikatafuta kwenye makasha. Bahasha yake niliipata upesi, maana mpangilio wako naujua. Negativu ndani, ile filamu ya kuchapia, ilikuwa imeliwa na ukungu. Unalijua bonde hili, hata chumvi hulia maji. Nilimwambia asubiri, nikaingia chumba cha giza kutafuta kama uliweka ya akiba. Nyuma ya pipa la maji ya mvua, mahali ambapo sikuwahi kuwa na sababu ya kufika, kulikuwa na sanduku la mbao la majani ya chai. Ndani yake bahasha za kaki, zimesimama kwa mstari kama wanafunzi. Kila moja ina jina kwa mwandiko wako, na mbele ya jina herufi moja: B. Juu ya kifuniko, upande wa ndani, umeandika kwa penseli, "Si za kutoa."

Nikaitoa ya Fortunata, nikaenda nayo dirishani.

Mimi nasoma negativu kama wengine wasomavyo barua. Wewe ndiye uliyenifundisha kugeuza weusi kuwa weupe kichwani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kile kile, gauni lile lile. Lakini mabega yalikuwa yameshuka. Kile kitambaa cha kichwani alikuwa amekisukuma nyuma, mkono mmoja uko sikioni, na anacheka, Fundi, anacheka mdomo wote, macho yameelekea mlangoni. Hakujua kama anapigwa. Hilo lilikuwa wazi kabisa.

Nilifungua bahasha nyingine. Na nyingine. Mwalimu wa Lipangalala anapiga mwayo. Bibi harusi ametoa kiatu, anaminya vidole. Wale wafanyakazi wawili wa mashamba ya miwa, waliokuja na saa za kuazima, wameanza kuzivua mikononi. Wote ni watu niliowafungulia mlango na kuwapa kioo cha kujitazamia. Wote wamepigwa baada ya picha.

Nikaelewa B ni nini. Baada.

Sasa ngoja nikueleze nilivyoelewa yaliyobaki, maana hapo ndipo kichwa kilianza kuniuma. Kila mara ulipomaliza kupiga ulisema, "Tayari, asante sana, jinyooshe." Unazungusha filamu. Unakwenda mlangoni kufunga pazia, unatania kidogo, na unakohoa. Kikohozi kimoja, kikavu. Kisha unarudi kuifunika kamera. Miaka sita nimeliona hilo. Nikafuata ule waya wa breki ya baiskeli ulioufunga kwenye kamera, ule uliosema ni wa kupigia picha za ukoo ili na wewe uwemo. Unashuka na mguu wa stendi, unapita chini ya mkeka, unatokea kwenye mwimo wa mlango, nyuma ya pazia. Mwisho wake kuna pete ya chuma, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Nikaivuta. Kamera ikalia, kwa sauti ambayo kikohozi kidogo kingetosha kuifunika.

Na kukata filamu ilikuwa kazi yako peke yako. Ulisema mkono wangu unatetemeka.

Fundi, mimi nilikuwa nakuchemshia tangawizi. Kila siku saa kumi, kwa ajili ya kifua chako. Ulikuwa unapokea kikombe kwa mikono miwili, unakunywa mpaka machicha, unasema Mungu akubariki. Miaka sita ulikunywa dawa ya kikohozi ambacho hukuwa nacho! Nilicheka peke yangu kwenye kile chumba. Nilicheka kweli. Halafu nikaacha.

Kwa sababu mwaka jana ulikohoa kweli.

Ulikohoa juu ya baiskeli. Ulikohoa mezani ukaweka kijiko chini. Mama Tekla alinijia akasema, "Pelagia, hiki kikohozi cha baba Tekla sikielewi." Mimi, mjuaji, nikamjibu, "Fundi amekohoa siku zote, mama. Ni zile dawa za kusafishia picha." Akatulia. Alitulia kwa sababu ya neno langu. Na tulipokupeleka hospitali, daktari akauliza kimeanza lini, wewe huna pumzi ya kujibu, ni mimi niliyedakia: "Ni cha miaka mingi, daktari." Aliandika. Nilimwona akiandika.

Sijui kama jibu langu lilimpoteza. Labda tulikuwa tumechelewa tayari. Mama Tekla anasema siku yako ilikuwa imefika, na padre amesema vilevile. Lakini mimi nakaa hapa najiuliza, ni lini kile cha uongo kilipisha cha kweli? Vilipishana siku gani, nami nikiwa wapi, nikichemsha maji? Kuna saa nakukasirikia. Kuna saa najikasirikia mimi. Halafu hasira zote mbili zinakwisha, nabaki nimeshika kitambaa cha kufutia kioo, sijui nilikuwa nafanya nini.

Nikizidiwa najilazimisha kukumbuka mengine. Nakumbuka ulivyogandisha karatasi za fedha za pakiti za sigara kwenye ungo wa Mama Tekla, ukanisimamisha juani nimulikie nyuso za watu, na yeye akatafuta ungo wake siku mbili ili apepete mchele. Nakumbuka chandarua ulichokata kipande ukakifunga mbele ya lenzi ili mabibi watoke bila makunyanzi, na yule bibi aliyerudisha picha akisema, "Huyu ni mdogo wangu, nipe yangu." Nakumbuka dawa ilipoadimika ukakamua ndimu kwenye maji ya kuoshea picha, studio nzima ikanukia kama kachumbari.

Na ile siku ya Lipangalala. Yule mzee aliyekuwa hawezi kunyanyuka kitandani, wanawe wanataka picha yake, na chumba hakina dirisha. Nilisema tupige flashi. Ukakataa, ukasema flashi itamfanya aonekane amekamatwa. Ukapanda juu ya paa kwa miaka yako yote ile, ukang'oa misumari minne, ukainua bati moja. Mwanga ukashuka taratibu mpaka usoni kwake. Mzee akafumba macho akasema, "Kumbe nje bado kupo." Ulipiga ukiwa juu ya paa au ulishuka? Sikumbuki. Nakumbuka tu nilifikiri, huyu mtu anamheshimu kila anayempiga. Nilifikiri hivyo bila wasiwasi wowote.

Basi niambie, heshima hiyo na ule waya vilikaaje ndani ya mtu mmoja?

Nimekuwa naizunguka bahasha moja. Ilikuwa katikati ya sanduku: "Pelagia na Sabas, B."

Unajua tulikuja kwako siku ya ndoa yetu, kabla hata hujanijua jina. Ile picha yenyewe ninayo. Sabas ameniwekea mkono begani, tumekaza shingo, tunapendeza kama watu wa kwenye kalenda. Niliitazama picha ile sana baada ya yeye kwenda kutafuta madini Mererani. Alileta barua mbili, kisha kimya. Niliitazama nikajiambia, mtu aliyenishika bega hivi hawezi kunisahau. Ilinikalisha nikimsubiri miaka.

Katika ile ya pili mkono haupo begani. Ameshautoa. Anatazama barabarani kupitia dirishani, kama mtu anayesikiliza gari lake. Na mimi namtazama yeye. Fundi, uso wangu unajua. Siku ile ile, maua bado yako kichwani, uso wangu unajua kila kitu ambacho mimi nilikuja kukijua baada ya miaka mitatu.

Na wewe uliiona. Uliisafisha, ukaikata, ukaiandika jina, ukaiweka nyuma ya pipa. Mwaka mmoja na nusu baadaye nikaja kuomba kazi ya kufagia, hukuniuliza hata swali. Ulisema, "Kufagia nitafagia mwenyewe, njoo nikufundishe kazi." Niliwasimulia watu wote wema ule. Sasa sijui ulimpa nani kazi. Ulinipa mimi, au ulimpa yule mwanamke wa kwenye negativu? Kama uliona, mbona hukuniambia? Ungeniambia, ningekusikiliza? Nadhani ningekutukana. Nimeichapa picha ile moja, nikaitazama mpaka ikakauka, nikampelekea mama yangu mzazi. Aliitazama kidogo tu akasema, "Mbona hata mimi nilijua." Ameiweka kwenye sanduku lake la nguo. Nimeiacha huko.

Turudi kwa Mama Fortunata, maana alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Umeandika si za kutoa. Lakini hukuandika nifanyeje mtu akija hana uso mwingine wa mtoto wake. Nilimwambia arudi Alhamisi. Nikaichapa mara nne kabla sijaridhika.

Alhamisi aliishika, akaiangalia, akakunja uso. "Nilimwambia akae kwa adabu," akasema. "Siku ya kumpokea Roho Mtakatifu. Nani alimruhusu acheke hivi?" Akaisogeza karibu na macho. "Alikuwa anamcheka nani?"

"Fundi Damas, mama. Alikuwa mlangoni."

"Alimwambia nini?"

Sikujua. Siku ile nilikuwa chumba cha giza, nilisikia kicheko tu na kikohozi chako. Swali hilo ni lako, Fundi, na wewe umeondoka nalo. Alikaa na ile picha mapajani muda mrefu. Nilifikiri atanirudishia. Kisha akaongea polepole, kama anazungumza na mtu mwingine: "Ile ya ukutani alikuwa amenuna. Mwaka mzima nikimkumbuka, anakuja amenuna. Nikawa nasema labda amenikasirikia huko aliko. Kumbe mtoto wangu hakuwa hivi. Mtoto wangu alikuwa hivi." Akaifunga kwenye kanga, akaifungia kifuani, akaondoka bila kuaga.

Wiki hiyo niliamini ulikuwa sahihi.

Lakini Mbingu si mbali, na maneno husafiri na treni bure. Watu wakaanza kuja. "Tumesikia una nyuso zetu za pili." Mwalimu alicheka mwayo wake mpaka akakaa chini. Bibi harusi wa kiatu alitaka mbili. Nikaanza kuona raha. Mpaka alipokuja Katekista Ewadi.

Aliingia, akafunga mlango, akaomba yake. Nilikuwa sijaifungua, nikampa bahasha pamoja na kile kioo cha kukuzia. Akasimama dirishani akinipa mgongo. Alikuja kwako, alisema, kupiga picha ya kitambulisho, siku ambayo alikuwa amepata habari asiyomwambia mtu. Alijikaza mbele ya kamera. Uliposema tayari, akadhani yuko peke yake kwa nukta moja, akajiachia.

"Nani ameiona?" akauliza.

"Fundi tu."

"Fundi tu," akarudia. Akatoka nayo nje mpaka kwenye jiko la mkaa la mama muuza maandazi, akaiweka juu ya makaa. Ilijikunja, ikatoa moshi mweusi. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni moshi. Akasema, "Damas alikuwa mtu mwema, nami namwombea kila siku. Lakini lile lilikuwa langu."

Nilitamani kukutetea, Fundi. Katekista ana haki. Mama Fortunata naye ana haki. Nimewaweka wawili hao kila upande wa kichwa changu, na hakuna anayekubali kutoka.

Nilikwenda kwa Mama Tekla, nikamweleza yote, hata habari ya daktari. Halafu akasema, "Na mimi nilidhani anakohoa." Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, kama kuna bahasha yenye jina lake. Nilikuwa nimeshapekua zote. Haipo. Amejisikia vibaya, naona. Labda wewe ulikuwa unauona uso wake wa pili kila siku bila kuhitaji waya. Nilimwambia hivyo. Sijui kama ni kweli, lakini nilimwambia.

Sasa habari ya mwisho, ya jana.

Nilikwenda Mbingu na kamera, kupiga watoto wa komunyo. Nilipomaliza, Mama Fortunata akaja amevaa kitenge kipya, akasema maisha yake yote hajawahi kupigwa peke yake. Nikamweka mbele ya ghala la mpunga, penye kivuli chepesi. Akajikaza kama wote wanavyojikaza. Nikapiga. Nikasema, "Tayari, mama." Na hapo hapo uso wake ukaja. Sijui nikuelezeje. Ulishuka tu, ukawa wake. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe. Ilikuwa nibonyeze tu, hakuna ambaye angejua.

Nikasema, "Mama, naomba nikupige na nyingine."

Uso ukaondoka, Fundi. Hapo hapo. Akarudisha mdomo mahali pake, akanyoosha shingo. Niliumia kama mtu aliyeangusha sahani. Akauliza, "Sasa nifanyeje?" Nikamjibu ukweli, "Hata mimi sijui." Tukabaki tunatazamana, mimi nyuma ya kamera, yeye mbele ya magunia. Muda ukapita. Wala hakucheka wala hakununa. Alinitazama tu, akaendelea kunitazama, na mimi nikapiga.

Nimeisafisha leo asubuhi. Si kama zako. Zako zina kitu ambacho hii haina, na nadhani sitakipata kamwe. Lakini huyu mama anajua kwamba natazama, na amekubali nimtazame. Katika sanduku lako lote, Fundi, hakuna uso wa namna hiyo hata mmoja.

Kwa hiyo kwaheri, Fundi wangu, mwalimu wangu. Bado sijui nikushukuru au nikulaumu, na nimechoka kungoja mpaka nijue. Bahasha zilizobaki nitazilinda. Mwenye uso akija ni yake, aitunze au aichome. Na mimi nakuahidi hivi: nitauliza kwanza. Kila mtu, kila mara. Najua nitapoteza nyuso nyingi nzuri kwa ajili ya kuuliza.

Ziende.

Mwanafunzi wako,
Pelagia